Dada Yangu Hakuwa na Zamu

Kijijini kwetu, milimani juu ya Mbalizi, makanisa matatu yamepangana kwenye njia moja, na kwa miaka mingi jambo pekee lililoyaunganisha lilikuwa kelele. Sisi Walutheri tuna kengele. Wakatoliki wana kwaya na kinanda cha betri. Wapentekoste wana spika mbili, na spika hizo, nina hakika mpaka leo, zilielekezwa kwetu kwa makusudi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na nina maradhi ya walimu: naamini kila jambo lina utaratibu wake, na kwamba utaratibu huo naujua mimi.

Kilichotukutanisha ni baridi. Anayeijua Mbeya kwa kufika Mwanjelwa tu, kwenye maduka na vumbi, haijui baridi ya huku juu mwezi wa Juni na Julai, ukungu unapokaa shambani mpaka saa nne na majani ya viazi yanapoungua kwa barafu. Msimu mmoja wazee wawili, mume na mke, waliishiwa kuni. Wakaingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha, wakalala. Hawakuamka. Watoto wao wote walikuwa mijini. Pale makaburini kila mtu alijiuliza kimoyomoyo kuwatazama hawa ilikuwa kazi ya nani, na hakuna aliyejibu, kwa sababu haikuwa ya mtu.

Mkutano wa kwanza tuliufanyia kwenye banda la kununulia pareto, maana hakuna aliyekubali kuingia kanisani kwa mwenzake. Alikuja mwinjilisti wetu, akaja katekista wa Wakatoliki, akaja mama mchungaji wa Wapentekoste na akina mama wanne. Robo saa ya kwanza ilikwisha kwa kubishania nani afungue kwa sala. Mwishowe tukasali Baba Yetu, kwa kuwa wote tunaijua, na hata hapo Wakatoliki walimaliza mapema wakabaki wanatusubiri sisi tufike kwenye ufalme na nguvu na utukufu. Watu wakacheka. Baada ya kicheko kile mambo yakawa mepesi.

Tulikubaliana kwamba kila mzee anayeishi peke yake atapelekewa mzigo wa kuni na ndoo ya maji mara tatu kwa wiki, msimu wote wa baridi. Jumanne wangepanda Wakatoliki, Alhamisi sisi, Jumamosi Wapentekoste. Kila kundi lingepita kwa wazee wote walioandikwa, wa kanisa lolote. Mimi nikachaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko.

Kilichobaki kilikuwa hofu zetu za zamani. Katekista alisema anayepeleka kuni apeleke kuni, asipeleke mahubiri. Hakuna kuibiana kondoo. Mwinjilisti akaongeza kwamba basi kila kanisa lilete majina ya watu wake kutoka kwenye daftari lake, lisiguse ya wenzake. Ndipo nikasimama mimi. Niliwakumbusha yale mahindi ya msaada yaliyoletwa kijijini miaka ya nyuma, jinsi nusu yake ilivyoishia kwa shemeji na wakwe za viongozi. Nikasema, "Ndugu asimtaje ndugu yake. Jina liletwe na kanisa." Walinipigia makofi. Nilikaa chini nimejaa furaha, kama mtoto aliyeshinda hesabu ubaoni.

Na kazi ilikwenda, sitaki kusema uongo. Jumanne asubuhi ungewaona akina mama wa Kikatoliki wanapanda kilima na mizigo ya mikaratusi kichwani, wanaimba. Tulikuwa na mzee mmoja wa kwetu, mgumu, ambaye hakuwahi kumpa Mkatoliki salamu ya maana maisha yake yote. Wiki ya tatu alianza kuwatengea viazi vya kuchoma. Wiki ya tano aliwaomba warudie ule wimbo wa Bikira Maria, akisingizia kwamba hakuusikia vizuri kwa sababu ya upepo. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikamwambia marehemu mume wangu, pale ukutani kwenye picha yake, kwamba Mungu bado anafanya kazi.

Dada yangu aliishi kitongoji cha juu, mwendo wa saa nzima kwa goti langu bovu. Tulizaliwa Walutheri. Yeye alipokuwa msichana alimpenda mwanamume wa Kikatoliki, na kwetu mwanamke humfuata mume kanisani kwake, hilo halina ubishi. Lakini yule bwana alikuwa na mke wa ndoa aliyekuwa amemkimbia, kwa hiyo kanisa lake halikuweza kuwafungisha. Wakakaa hivyo hivyo mpaka uzee, wakalima, wakazika watoto wawili, na mwisho dada akamzika na yeye. Kwetu mzee wa kanisa wa enzi hizo alikuwa amepiga mstari mwekundu juu ya jina lake na kuandika pembeni: Ameondoka. Kwa Wakatoliki jina halikuwahi kuingia. Alikuwa ametoka nyumba moja bila kuingia ya pili, na amesimama uani miaka yote hiyo.

Yeye mwenyewe hakuonekana kujali. Jumapili aliamka kama siku nyingine, akatazama kuku wake, akapalilia. Nilipomsihi ahamie kwangu alisema, "Nikija kwako, huyu nani atamtazama?" akaelekeza kidevu kwenye kaburi la mumewe nyuma ya jiko. Aliniita mwalimu kwa dhihaka, yeye mkubwa mimi mdogo. "Mwalimu, umeshaniandika kwenye hilo daftari lako?" Nilimwambia haiwezekani nimwandike dada yangu, kuna utaratibu, kanisa litamleta. "Lipi?" aliuliza, akacheka mpaka akakohoa. Nilikasirika. Nilikuwa bado na kinyongo naye, niseme ukweli, tangu alipomfuata yule bwana na kumwacha mama yetu analia. Moyoni nilikuwa nadhani kwamba mtu akichagua kukaa nje asilalamike kwamba kuna baridi.

Kuni nilikuwa nampelekea mimi mwenyewe, kidogo kidogo, goti liliporuhusu. Wala sikumwambia mtu, nisije nikaonekana natoa zamu ya siri kwa ndugu.

Msimu wa pili ulipoanza, binti yangu aliyeolewa Iringa alikaribia kujifungua, nami ilibidi niende kumlea mzazi kama mama yeyote. Kabla ya safari tulifanya mkutano bandani. Nilisoma orodha yote kwa sauti. Mwinjilisti akauliza, "Kuna jina limebaki?" Nilimtazama katekista. Nyumba yake iko kitongoji kilekile cha juu. Anapita mlangoni kwa dada kila siku ya Mungu. Nilisubiri amtaje. Katekista naye akanitazama. Tulitazamana kwa muda wa kutosha mtu kumeza mate. Kisha akaangalia kofia yake, mimi nikaangalia daftari, na mwinjilisti akafunga kwa sala.

Sijui ni mara ngapi nimerudi pale bandani kichwani mwangu na kufungua mdomo.

Iringa nilipokewa vizuri. Mama mkwe wa binti yangu ni Mhehe wa Kikatoliki, mtaratibu, mwenye salamu ndefu. "Kamwene" yake ilianza mlangoni ikaisha tumeshakaa. Mjukuu alizaliwa salama, wa kiume, na hakuwa na siku tano duniani kabla hatujaanza kumgombania. Mama mkwe alitaka abatizwe kwa baba yake. Mimi nilisema sawa, mwanamke humfuata mume, lakini binti yangu bado hajahamishwa rasmi, cheti chake kiko kwetu, basi mtoto ataandikwa kwenye daftari gani? Nilisema mtoto lazima awe na mahali alipoandikwa. Nilizungumza kwa hekima sana, huku nakunja nepi. Ilikuwa Jumanne asubuhi, kwenye saa tatu hivi. Nimelazimika kuikumbuka saa hiyo.

Jumatano simu ikaita. Alikuwa jirani wa dada, mama mmoja wa Kipentekoste.

"Mwalimu, pole, usishtuke. Dada yako tumemkuta chini, huko jikoni kwake. Ameanguka. Nyonga hii imekataa kabisa. Nimeenda asubuhi kumwomba moto, nakuta hakuna moto, hakuna nini, na yeye yuko hapo chini amekauka na baridi."

"Ameanguka lini?"

"Anasema juzi jioni. Alikuwa anatoka kutafuta kuni."

Juzi jioni ilikuwa Jumatatu. Yaani alilala sakafuni usiku huo, akashinda Jumanne nzima pale chini, akalala tena. Niliuliza kama yu hai mara tatu, na yule mama akanijibu mara tatu kwa upole, kwamba wameshampeleka hospitali mjini, wanaume walimbeba kwenye machela mpaka barabarani.

Alhamisi alfajiri nilipanda basi. Basi liliposimama Igawa wachuuzi walikimbilia madirishani na mifuko yao ya mchele na vitunguu, kama kawaida. Kila nilipotoka Iringa nilimnunulia dada mchele wa pale. Alisema mchele mwingine wote ni makapi. Nikanunua kilo tano. Abiria wa kiti cha pili alinitazama nimeukumbatia mfuko ule nalia, akanipa leso yake bila kuuliza. Nilijiambia mtu anayenunuliwa mchele hawezi kufa.

Nilimkuta wodini amefunikwa mablanketi matatu, mdogo kuliko nilivyomwacha. Kifua kilikuwa kimeshaingia maji. Alifungua macho, akanitambua.

"Umepita Igawa?"

"Nimepita, dada."

"Haya," akasema, kama mtu aliyehakikisha jambo muhimu.

Tulizungumza kidogo jioni ile, maneno machache yaliyokatwa na kukohoa. Ijumaa hakuzungumza tena. Jumamosi, saa ambayo Wapentekoste wanapanda kilima na kuni zao, dada yangu alifariki.

Msiba ulijaa. Kwanza kulikuwa na swali la nani amzike, na nilijua litakuja. Mwinjilisti alifungua daftari, akauona ule mstari mwekundu, akalifunga taratibu. Katekista alipiga simu kwa padri. Nilikaa kwenye mkeka na akina mama, nimejiandaa kwa aibu. Lakini haikutokea. Wakubwa walikaa faragha, wakatoka wamekubaliana kwamba kwa ajili ya ushirikiano wetu watamzika pamoja, wote watatu. Padri alipanda mlima, mchungaji wetu akatoka Mbalizi, mama mchungaji akaja bila spika. Kwaya tatu zikaimba. Mchele wa Igawa ulipikwa, ukaliwa na wageni. Kiongozi mmoja wa kata alisimama akasema kijiji chetu ni mfano wa kuigwa, kwamba hapa makanisa yameshinda utengano, na watu wakasema amina.

Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Akiwa hai hakuwa wa mtu. Alipokufa akawa wa wote. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini dada yangu alikuwepo. Alikuwepo pale pale njiani, kila mtu alijua mlango wake. Tulizika mtu mwenye nyumba, mwenye kuku, mwenye kikohozi kilichojulikana kitongoji kizima, na hakuna kitabu kilichokuwa na jina lake isipokuwa kimoja kilicholifuta.

Siku ya tatu baada ya mazishi katekista alikuja kwangu na mzigo wa kuni begani, akauweka chini uani, akabaki amesimama.

"Mwalimu, mimi nimepita pale Jumanne."

Nilianza kuzipanga zile kuni ukutani.

"Nilikuwa na wale akina mama. Tulikuwa tunakwenda nyumba ya mbele yake. Nikaona jikoni kwake hakuna moshi. Saa tatu yote hii, na baridi ile. Nikasema hapa pana kitu."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema nikigonga, watu wakaniona na kuni, watasema Wakatoliki tumeanza kumvuta dada wa mwalimu. Na wewe haupo. Nikasema kesho kutwa Walutheri wanapita, ni mtu wao, wataangalia." Alivua kofia. "Nikapita, mwalimu."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na maneno tayari, makali, ya darasani. Ila nilikumbuka bandani, jinsi tulivyotazamana. Yeye alikuwa ananitunzia adabu, na mimi nilikuwa nawatendea wote haki, na kati ya adabu yake na haki yangu mtu alilala sakafuni siku mbili. Nikamwambia akae. Nikampikia chai. Tulikunywa wote wawili tukilia, mzee wa Kikatoliki na bibi wa Kilutheri, na jirani aliyepita alidhani tunasali.

Mkutano uliofuata nilichana ule ukurasa wa orodha mbele ya watu wote. Nikasema kuanzia leo hatuandiki watu wa kanisa fulani, tunaandika nyumba. Anayepanda kilima aangalie moshi. Nyumba isiyo na moshi asubuhi igongwe, awe mwenye nyumba ni Mlutheri, ni Mwislamu, ni mlevi, ni nani. Na ndugu amtaje ndugu yake, tena wa kwanza. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Waliinamisha vichwa tu, na mama mchungaji akasema, "Tumesikia, mama."

Mjukuu wangu amebatizwa Iringa, kwa baba yake. Sikuuliza ameandikwa wapi.

Siku hizi Jumanne ninapanda na Wakatoliki, goti lipone lisipone. Katekista hunibebea kuni zangu. Akina mama huimba tangu kanisani kwao, lakini tukifika kwenye mikaratusi ya kona, pale njia inapopita nyuma ya jiko la dada, wananyamaza. Niliwaomba mimi. Wanadhani ni kwa sababu ya msiba, kwamba bibi bado ana uchungu, na wananiheshimu kwa hilo. Nyumba imefungwa, kuku waligawiwa majirani, kaburi lake na la mumewe yako kando kwa kando. Tunapita kimya mpaka tufike mbele, ndipo wanaendelea na ubeti uliobaki.

Sijawaambia alichosema dada wodini ile Alhamisi jioni. Niliwaambia watu wote kwamba hakuweza kuzungumza.

"Wanaimba vizuri, hao wako wa Jumanne," alisema.

"Uliwasikia?"

"Walipita hapo nyuma ya jiko. Karibu kabisa. Hata wanavyohema niliwasikia, na mizigo yao."

"Sasa kwa nini hukuita, dada? Kwa nini hukuita hata mara moja?"

Alinitazama kwa mshangao, kama vile mimi, katika watu wote, ningepaswa kujua.

"Niite vipi, mwalimu? Haikuwa zamu yangu."